Maumivu ya kudumu: Usiukimbie mwili wako

PENGINE nyumbani kwenu yuko mtu ambaye kila asubuhi hujishika kiuno kabla ya kusimama. Amekwenda hospitali, akapigwa picha, akaambiwa mifupa yake ni mizima. Amemeza tembe, amejipaka mafuta ya kila aina, ameumikwa, na bado mgongo unamsumbua. Mwanzoni kila mtu alimwonea huruma. Mwaka wa pili watu wakaanza kunong'ona kwamba anajifanya, au kwamba anakwepa kazi. Naye kwa kuyasikia maneno hayo akaanza kujishuku mwenyewe.

Ikiwa unamfahamu mtu kama huyo, au ikiwa mtu huyo ni wewe, makala haya ni yako. Tutazungumza juu ya maumivu ya kudumu, na juu ya njia moja ya kuyakabili ambayo wengi huidhania kuwa ni starehe ya matajiri wa Nairobi: yoga, pamoja na ile tabia ya kuusikiliza mwili inayoambatana nayo. Na ili tusizungumze hewani, tutaitazama Garissa na sehemu zote zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Huko mwili hufanyishwa kazi ngumu tangu utotoni, na daktari aghalabu yuko mbali. Wewe unayesoma ukiwa Eastleigh, South C au Mombasa, huenda una mama au nyanya huko. Msomee.

MZIGO WA KASKAZINI MASHARIKI

Chukua mtungi wa plastiki wa lita 20. Ukijaa maji una uzani wa kilo 20. Mama wa kijijini huuinua, huubeba na kuutua, siku baada ya siku, na wakati mwingine ana mtoto mgongoni. Katika jamii za wafugaji ni wanawake hao hao wanaojenga nyumba ya miti na mikeka, wakaibomoa familia inapohama, na kuijenga tena mahali papya. Kati ya mwisho wa mwaka wa 2020 na mwanzo wa 2023 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa, visima vikakauka, na safari ya kutafuta maji ikawa ndefu zaidi.

Wanaume nao hawakusalimika. Mchungaji hutembea kutwa. Dereva na utingo wa lori wamerushwa rushwa kwa miaka mingi katika njia za vumbi na mashimo za kwenda Wajir na Mandera. Kijana wa bodaboda hukaa juu ya pikipiki kuanzia alfajiri hadi usiku. Mwanafunzi, ambaye angedhaniwa kuwa amestarehe, huinamia kitabu na simu hadi shingo ikakauka kama mti.

Yako pia maumivu yasiyozungumzwa sebuleni. Ukeketaji ulipigwa marufuku nchini Kenya kwa sheria ya mwaka wa 2011, lakini Kaskazini Mashariki ndiko ulikoenea kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Shirika la Afya Duniani huyataja maumivu ya kudumu miongoni mwa madhara yake. Wanawake wengi wamezeeka na maumivu ya nyonga na tumbo la chini wakidhani kuwa ndiyo hali ya kila mwanamke. La hasha, si lazima iwe hivyo, na muuguzi aliyefunzwa anaweza kuwasikiliza bila ya kuwaaibisha.

Hatuwezi kuitaja Garissa bila ya kuikumbuka alfajiri ya Aprili 2, 2015, washambulizi walipoingia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, wengi mno wakiwa wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016. Lakini mtu aliyepigwa risasi akapona jeraha, bado huweza kubaki na maumivu mwilini na hofu moyoni, na vitu hivyo viwili hulishana.

MLINZI ANAYEPIGA KAMSA

Wataalamu huyaita maumivu kuwa ni ya kudumu yanapozidi miezi mitatu. Jeraha la kawaida huwa limekwisha kupona kufikia wakati huo. Kwa nini basi mtu aendelee kuumia?

Maumivu ni kamsa. Unapokanyaga mwiba, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye ubongo, nao ubongo hukuamuru uinue mguu. Ni ulinzi mzuri. Lakini mfikirie mlinzi wa duka aliyewahi kuvamiwa na majambazi. Tangu siku hiyo hata paka akipita yeye hupiga kamsa. Hasemi uongo; amezoea kuogopa. Ndivyo mishipa ya fahamu inavyoweza kuwa baada ya maumivu ya muda mrefu. Inakuwa myepesi kupita kiasi, na jambo dogo, kama vile kuinama kuchukua kikombe, huonekana kwake kuwa ni hatari.

Kwa hivyo picha inapoonyesha kuwa mfupa ni mzima, haina maana kwamba mgonjwa ni mwongo. Maumivu yake ni ya kweli. Kwa watu wengi wa namna hii, kinachohitaji matibabu ni ule wepesi wa kamsa, na usingizi mbaya, wasiwasi na kukaa bila ya kujinyosha huuzidisha. Ndiyo sababu anayetafuna miraa hadi usiku wa manane ili asahau maumivu hujidanganya: miraa hufukuza usingizi, na mwili usiolala huumia zaidi.

Mtu anayeumia huukimbia mwili wake. Huacha kuinama, huacha kutembea, hukaza misuli na kuzuia pumzi akingoja kuumia. Misuli isiyotumika hudhoofika, viungo vikakakamaa, na siku akilazimika kuinuka huumia kuliko jana. Naye akaamini kwamba alifanya vyema kuogopa. Huo ndio mtego, na ndipo yoga inapoingia.

KWANZA DAKTARI

Kabla ya kutandika mkeka, msomaji, pata uchunguzi. Kaskazini Mashariki kuna magonjwa mawili hasa yanayojificha nyuma ya maumivu ya mgongo. La kwanza ni brusela, ambayo mtu huipata kwa kunywa maziwa mabichi ya ngamia, mbuzi au ng'ombe, au kwa kuwazalisha wanyama walioambukizwa. Huleta homa inayokuja na kwenda, jasho la usiku, na maumivu ya viungo na kiuno. La pili ni kifua kikuu, ambacho hakiishii kifuani. Huweza kuingia hata kwenye pingili za uti wa mgongo. Magonjwa yote mawili yana dawa, na hakuna zoezi litakaloyaponya. Chemsha maziwa, na ukiwa na homa au unakonda, nenda ukapimwe.

Nenda hospitali upesi pia ikiwa maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali, ikiwa miguu inapoteza nguvu, ikiwa sehemu za siri zimekufa ganzi, au ikiwa umeshindwa kuzuia mkojo au choo. Hizo ni dalili za hatari zisizongoja kesho.

Wapo wanaoanzia kwa mzee wa kuchoma. Ni desturi ya kale katika jamii za wafugaji kuchoma kwa chuma au kijiti cha moto mahali panapouma. Hatuwadharau wazee, maana walitibu kwa walichokuwa nacho. Lakini kidonda cha moto huweza kuoza, na ugonjwa uliokuwa ndani ukabaki ulipo.

YOGA NI NINI HASA?

Yoga ilianza India zamani sana. Neno lenyewe ni la Kisanskriti na maana yake ni kuunganisha, kama nira inavyowaunganisha mafahali wawili. Huko kwao ina mambo mengi ndani yake, yakiwamo ya dini. Lakini ile inayotumiwa hospitalini kwa wagonjwa wa maumivu ina vitu vitatu tu: kujinyosha polepole, kupumua kwa utaratibu, na kuupa mwili usikivu wako.

Hapa nchini ilipata umaarufu zaidi kupitia shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 2007, ambalo liliwafunza vijana wengi wa mitaa ya kawaida kuwa walimu. Hivyo, si kitu cha matajiri peke yao.

Je, inasaidia? Mwaka wa 2017 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 320 wenye maumivu ya kudumu ya kiuno, wengi wao wakiwa watu wa kipato cha chini. Wengine walifundishwa yoga mara moja kwa wiki kwa wiki 12, wengine walipelekwa kwa mtaalamu wa kunyosha viungo, na wengine walipewa kitabu cha mafunzo tu. Waliofanya yoga walipata nafuu sawa na waliokwenda kwa mtaalamu. Mwaka huo huo chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa njia zinazofaa kujaribiwa kabla ya kukimbilia dawa.

Tusitie chumvi lakini. Wachunguzi waliokusanya tafiti nyingi pamoja waliona kwamba nafuu inayopatikana kwa kawaida ni ndogo, na kwamba baadhi ya watu mgongo uliwazidi kidogo. Yoga haifuti maumivu. Hukurudishia sehemu ya maisha: kuketi muda mrefu kidogo zaidi, kulala vizuri zaidi, kumpakata mjukuu bila ya hofu.

Kuhusu kuusikiliza mwili, mwaka wa 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo kwa wagonjwa ambao madaktari walikuwa wamekaribia kumaliza la kufanya. Aliwafundisha kulala chali na kuupitia mwili kwa mawazo, kiungo kimoja kimoja. Na kwa wale walioumia pia rohoni, Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha mwaka wa 2014 uchunguzi wa wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu. Baada ya wiki kumi, zaidi ya nusu ya waliofanya yoga hawakuhesabiwa tena kuwa na maradhi hayo, ilhali kwa wenzao ni mmoja tu kati ya kila watano hivi. Mtu aliyepitia mambo kama ya Garissa mwaka wa 2015 ana haki ya kujua jambo hili.

NA DINI JE?

Hili ni swali la haki, na Garissa litaulizwa kabla ya mengine yote. Mwaka wa 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga iliyochanganywa na maneno ya ibada ya dini nyingine. Kwa upande mwingine, Novemba 2017 wizara ya biashara ya Saudi Arabia iliiorodhesha yoga miongoni mwa shughuli za michezo. Aliyepigania jambo hilo ni mwanamke wa huko, Nouf Marwaai, ambaye mwenyewe aliishi na ugonjwa wa lupus unaoufanya mwili ujishambulie. Mwaka wa 2018 serikali ya India ilimtunukia nishani ya Padma Shri.

Basi acha maneno usiyoyajua, acha sanamu na ubani, ubaki na viungo na pumzi. Ukiwa na shaka, muulize shehe unayemwamini, tena umwonyeshe hasa unachofanya. Usiseme pia kwamba sala ni yoga. Sala ni ibada, nayo ina heshima yake. Tunaweza kukumbuka tu kwamba sheria humruhusu mgonjwa asali akiwa ameketi, au hata akiwa amelala, asipoweza kusimama. Ikiwa katika ibada mwili wa mgonjwa haulazimishwi, sembuse katika mazoezi?

DAKIKA KUMI NA TANO KWENYE MKEKA

Huhitaji jumba wala nguo za kubana. Unahitaji mkeka au busati, mto, na nguo pana. Mama anaweza kuvaa suruali ndani ya dera lake na kufunga mlango. Chagua wakati wa baridi, baada ya sala ya alfajiri au jua likishatua, maana joto la Garissa mchana halina mzaha. Kunywa maji. Mwezi wa Ramadhani, ngoja baada ya futari, tumbo lisiwe limejaa.

Kwanza, pumua. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Weka mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo liinuke. Itoe polepole ukihesabu hadi sita. Endelea kwa dakika tatu. Kuitoa pumzi taratibu huutuliza mwili na kulegeza misuli, hata ile ya nyonga ambayo mwanamke mwenye maumivu huikaza bila ya kujua.

Pili, upitie mwili wako. Anza na vidole vya miguu, panda kwenye kisigino, goti, paja, kiuno, tumbo, mabega, hadi usoni. Kila mahali jiulize: pana joto? Pamekaza? Pametulia? Usijaribu kubadilisha kitu. Utagundua kwamba mwili haujajaa maumivu kama ulivyodhani. Zipo sehemu zilizo salama. Ukifika penye maumivu, pumua mara tatu, kisha uendelee mbele. Ikiwa kufumba macho kunakurudishia mambo ya kutisha, yafumbue, tazama ukuta, au acha kabisa sehemu hii.

Tatu, yalaze magoti. Ukiwa bado chali, yaache magoti yote mawili yaelekee kulia kidogo, kisha kushoto, mara sita kila upande. Yasifike chini kwa nguvu.

Nne, mgongo wa paka. Piga magoti na uweke viganja chini. Unapotoa pumzi, uinue mgongo kama paka aliyeamka. Unapovuta pumzi, uteremshe taratibu. Mara sita. Ikiwa magoti yanauma, yawekee mto, au ufanye hivyo ukiwa umeketi kitini na viganja vyako vikiwa juu ya mapaja.

Tano, pumzika. Rudi chali, miguu juu ya mto au kiti, kwa dakika tatu.

Kanuni ni moja. Kuvutika kidogo si neno. Maumivu makali, ya kuchoma au yanayoteremka mguuni, ni ishara ya kuacha. Na kesho yake asubuhi ukijikuta umezidiwa kuliko kawaida, usiache kabisa. Punguza kwa nusu. Haba na haba hujaza kibaba. Mjamzito, mwenye mifupa dhaifu au aliyefanyiwa upasuaji, amuulize kwanza mhudumu wa afya.

TEMBE NA MISHIPI

Watu wengi hununua dukani dawa kama diklofenaki au brufeni na kuzimeza mwezi baada ya mwezi. Dawa hizo zina kazi yake, lakini zikitumiwa hivyo huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, hasa kwa mtu aliyepungukiwa na maji mwilini katika joto kali. Usiache ghafla dawa uliyoandikiwa. Muulize daktari jinsi ya kuipunguza.

Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka wa 2020. Desemba 2023 lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu ya kudumu ya kiuno. Linapendekeza mafunzo kwa mgonjwa, mazoezi, na msaada wa kisaikolojia. Halipendekezi mishipi ya kufunga kiuno ambayo wengi wetu huinunua kwa bei ghali.

KAZI YA FAMILIA

Mgonjwa hawezi kufanya haya peke yake huku nyumba nzima ikimcheka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msimuulize kila siku, "Bado unaumwa?" Swali hilo humrudisha kwenye maumivu. Muulizeni, "Leo umeweza nini?" Aandike katika daftari ameketi dakika ngapi, ametembea hadi wapi, amelala saa ngapi. Baada ya wiki sita au nane daftari litasema ukweli ambao kumbukumbu haiwezi kuusema.

Punguzeni pia mzigo wenyewe. Mtungi mmoja wa lita 20 ugeuzwe kuwa miwili ya lita 10, abebe mmoja kila mkono, na kijana wa nyumba au mkokoteni wa punda uchukue mingine. Apumzike kabla ya kulemewa, si baada ya kuanguka. Mama aliye Liboi au Hulugho ana safari ndefu hadi hospitali ya rufaa mjini Garissa. Siku atakayofika, mtaalamu wa kunyosha viungo amwonyeshe mazoezi, nanyi myatazame ili mumkumbushe nyumbani.

Wewe mwanafunzi utakayekwenda likizo, una kazi ya kufanya. Tandika mikeka miwili. Usimwambie mama ni yoga ikiwa neno hilo litamtisha. Mwambie ni kujinyosha na kupumua. Lala chali kando yake, mhesabu pamoja hadi nne, kisha hadi sita. Huenda ikawa mara yake ya kwanza katika miaka mingi kuambiwa kwamba maumivu yake yanaaminika, na hapo ndipo nafuu huanzia.